Tabibu Aliyenyima Dawa

Ukikutana na Tabibu njiani, alikuwa na salamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu wote: alishuka kwenye baiskeli, akasema ugonile kwa Kinyakyusa, akangoja umjibu. Ya pili ilikuwa yake peke yake. Alikuuliza habari za choo. Hakupunguza sauti. Alimwuliza mkulima mwenye jembe begani, alimwuliza bibi harusi mlangoni pa kanisa, na Jumapili moja alimwuliza mchungaji mgeni aliyekuwa bado amevaa joho, mbele ya wazee wa kanisa waliojipanga kumpa mkono. Mchungaji alikohoa, akatazama dari, kisha akajibu, kwa sababu Tabibu alikuwa ameushika mkono wake na hakuonyesha dalili ya kuuachia.

Mimi nilikuwa mwinjilisti wa usharika wa Ndandalo kwa miaka mingi, na yeye alikuwa tabibu wa zahanati ya kanisa, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwangu. Watu wengi wa Kyela wanamkumbuka kama mtu aliyenyima dawa. Ni kweli alinyima, na wengi waliondoka wakimlaani. Lakini uhai wa mjukuu wangu ulisimama juu ya kunyima kwake, na mimi niliyehubiri maisha yangu yote habari za mambo yasiyoonekana sijaona mtu mwingine aliyeyaogopa na kuyaheshimu kama yeye.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hata wakati wa masika, ambapo kwetu nguo inakaa kwenye kamba wiki nzima bila kukauka. Aliwafokea wagonjwa kwa sauti ya kutisha, lakini mtoto akianza kulia alinyamaza yeye kwanza. Alinusa ugoro, akijua ni vibaya, akitwambia ni vibaya, na akaendelea kunusa. Kanisani alikaa benchi la nyuma na kusinzia mara tu baada ya masomo, kidevu kimegota kifuani. Nilipomaliza ibada alinifuata nje kunionyesha mahali nilipokosea sura na mstari. Sikujua alisikiaje.

Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwa sabuni. Alinawa kabla ya kumgusa mtu na baada ya kumgusa, alinawa kabla ya kula na baada ya kusalimiana na mbwa. Nilishangaa, kwa sababu ni mtu huyohuyo aliyetufundisha kwamba tumboni mwa mtu wanaishi viumbe visivyohesabika vinavyostahili heshima. Nikamwuliza kama mambo hayo mawili hayagombani. Akasema mgeni na mkazi si mtu mmoja, na akaendelea kusugua kucha.

Habari ya hao wakazi alinieleza kwanza kwenye baraza ya zahanati, alasiri, baada ya mvua. Nilikuwa nimeng'olewa jino mjini, nikapewa vidonge, nikavimaliza, na sasa tumbo lilikuwa linaniendesha. Nilikuwa nimekuja kuomba vidonge vingine vya kulizuia.

"Mwinjilisti," akasema, "unadhani uko peke yako ndani ya hilo shati?"

Nikamjibu kwamba niko na Roho wa Bwana.

"Huyo yupo. Nauliza wengine."

Sisi tulivijua vijidudu kutoka kwenye picha za ukutani shuleni, ambako vilichorwa na meno na macho mekundu. Tabibu aliniambia kwamba hao wa kwenye picha ni wachache tu, wahalifu wa ukoo mkubwa. Ndani ya utumbo wangu, alisema, wamo wengi kuliko watu wote wa Kyela na Rungwe, wengi kuliko wote waliozaliwa katika nchi hizi tangu mwanzo. Wanasaga kile ambacho mimi siwezi kusaga. Wanaufundisha mwili kumtofautisha adui na jirani. Na kwa kukaa tu mahali pao wanamzuia mwovu asipate pa kukaa. Dawa ya kuua vijidudu inapoingia, haiulizi nani ni nani. Inapita kama mto Kiwira unapovunja kingo, unabeba mpunga wa mchapakazi na wa mvivu pamoja.

Kisha akanyoosha kidole kwenye majaruba ya mpunga yaliyokuwa mbele yetu. Akaniuliza, maji ya mafuriko yakishaondoka, kinaota nini kwanza. Nikasema ndago, na magugu mengine ambayo mizizi yake haifi. Akaitikia kwa kichwa. Ndivyo ilivyo tumboni, alisema. Wanaobaki baada ya dawa ni wale walioweza kuihimili, na hao ndio wanaozaana. Tena hawauweki ujuzi huo kwao peke yao.

"Wanafundishana?" nikauliza.

"Wanapeana. Kama nyinyi mnavyoombana moto asubuhi. Hata asiye ndugu anapewa."

Hakunipa kidonge. Alinipa maji yenye chumvi na sukari, akaniambia nile ndizi mbivu na nivumilie. Nilipofika nyumbani mke wangu aliweka ubwabwa mezani, na nilikaa muda mrefu bila kugusa. Niliweka mkono tumboni kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa nyumba ya watu. Miaka yote nilikuwa nimehubiri habari za uumbaji nikitazama juu, kwenye milima ya Livingstone na mawingu ya ziwani. Sikuwahi kufikiri kwamba Mungu alipomwumba mtu alimwumba na kijiji ndani yake.

Tabibu alikuwa na namna yake ya kuwapanga watu, nayo haikufuata kabila wala cheo wala dhehebu. Aliwapanga kwa umri. Mtoto mchanga, alisema, ni nyumba mpya isiyo na watu. Wakazi wa kwanza anawapata kwa mama yake anapozaliwa, wengine kwenye titi, wengine kwenye mikono inayombeba na udongo anaoutambalia. Mpaka aachishwe ziwa na azoee chakula cha nyumbani, kijiji chake hakijatulia, na ukikivuruga wakati huo unaweza kubadilisha watakaokuwa wazee wake. Mtu mzima ni kijiji kilichotulia. Mafuriko yakipita, wengi wanarudi, ingawa si wote. Mzee sana ni kijiji ambacho nusu ya nyumba zimefungwa. Yakipita mafuriko hapo, wanaorudi ni wachache na wanarudi polepole, na yule mwovu aliyekuwa amejificha pembeni anajikuta hana wa kumpinga.

Kwa hiyo mtu mzima mwenye kidonda kilichooza alipewa dawa bila maneno mengi. Lakini akiletwa mtoto wa mgongoni, au bibi aliyeshikwa mkono, Tabibu alivua miwani, akaketi, akatazama sana. Dawa ilikuwa ileile kutoka kwenye kopo lilelile. Yeye aliona uzito wake unabadilika kila ilipotua mikononi mwa mtu mwingine.

Msidhani alizichukia dawa hizo. Alizipenda kuliko sisi. Alikumbuka, na alisema kwa sauti ya chini, jinsi watoto walivyokufa kwa kifua alipokuwa mdogo, mama zao wakiwatazama tu. Akikupa dawa, ulikuwa umeingia kwenye agano. Alikufuata nyumbani kwa baiskeli kuhakikisha umemaliza, na akikukuta umebakiza kwa ajili ya safari nyingine ya ugonjwa, ulisikia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wasomaji vijana hawawezi kujua ilivyokuwa. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, ambapo kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi na kugawanywa, na dawa ya zahanati ilikuja katika boksi moja lililofungwa, likiisha limeisha. Ghafla maduka yakajaa. Mbugani, mtaa wa maduka mjini, palikuwa na redio, mitumba, mafuta ya kupaka, biskuti, na kwenye rafu, kando ya viberiti, makopo ya vidonge. Vilivuka mpaka kutoka ng'ambo ya mto Songwe, vingine vilishuka na lori kutoka Mbeya. Kilichopendwa kuliko vyote ni kile cha rangi mbili, nusu nyekundu, nusu njano. Mtu alikinunua kimoja, au viwili, kwa mafua, kwa kichwa, kwa uchovu wa shamba. Wengine walikifungua na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Tulimshukuru Mungu kwa maduka hayo, na bado namshukuru, maana njaa ya vitu ni mbaya.

Ila kutoka hapo kukazaliwa jambo ambalo nadhani lilikuwa letu sisi. Kwetu mtu akiugua hatumwachi. Tunakwenda kumwona, tunakaa, na hatuendi mikono mitupu. Zamani tulibeba mkungu wa ndizi, mchele, maziwa. Miaka ile watu walianza kubeba kidonge. Kilikuwa chepesi, kilikuwa cha kisasa, na kilionyesha kwamba umemfikiria mgonjwa mpaka dukani. Wanawake walikifunga kwenye pindo la kanga. Mgonjwa aliwekewa kisahani kando ya kitanda, na kila mgeni alipoaga alidondosha chake.

Mama yangu aliugua kifua mwaka mmoja wa masika makubwa. Wakati huo alikuwa ameshawazika wenzake wote wa rika lake. Tabibu alimpa dawa, alisimamia mpaka ikaisha, na kifua kikapona. Lakini mama aliendelea kudhoofika, tumbo likimwendesha usiku na mchana, na hakuna aliyejua sababu. Tabibu alikuja, akaona kisahani.

"Bibi, hivi ni vya nani?"

"Vya watu wanaonipenda."

"Unavimeza?"

"Kwa zamu. Jana cha jirani, leo cha binti yangu. Nikiacha cha mtu atasema nimemdharau."

Nilingoja afoke. Alikaa chini sakafuni, mtu mrefu vile, magoti yamemfika masikioni. Akamwambia kwa upole kwamba anapendwa sana, na kwamba sasa tumbo lake ndilo linaloubeba upendo wa watu wote hao peke yake.

"Una wivu," mama akasema. "Wewe hujaleta hata kimoja."

Tabibu alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kisha akaondoa kisahani, na mama akakubali, kwa sharti kwamba yeye Tabibu ndiye atakayejibu wageni. Alimlisha uji mwepesi, maji ya chumvi na sukari, baadaye ndizi mbivu, na mama alipoanza kuomba mwenyewe, maziwa ya mgando. Alikuja kila alipoweza. Tulipanda mpunga mama akiwa amelala, na tukauvuna akiwa anakaa barazani kutufokea tunavyopepeta. Kijiji chake kilirudi, mlango mmoja mmoja. Alikuwa nasi miaka kadhaa baada ya hapo.

Baada ya kumwuguza mama, Tabibu aliomba kusema na umoja wa wanawake, ambao mke wangu alikuwa mwenyekiti wake. Nilimsindikiza nikiwa na hofu ya mdomo wake. Hakumwita mtu mjinga. Aliwaambia kwamba hakuna mahali alipowahi kufanya kazi ambapo wagonjwa wanatembelewa kama Ndandalo, na kwamba hataki waache. Anaomba wabadilishe mzigo tu. Badala ya kidonge, sukari kidogo kwenye karatasi, au kuni, au maji yaliyochemshwa, ili mgonjwa atengenezewe ya kunywa.

Mwanamke mmoja akanung'unika kwamba kidonge kinaingia kwenye pindo la kanga, lakini kuni zinabebwa kichwani.

"Vizuri," Tabibu akasema. "Mgonjwa ataona kwamba umetembea."

Wakacheka, na wakajaribu. Ilichukua muda, lakini ilishika.

Ukaidi wake ulikuwa kwenye kabati. Zahanati ilikuwa na kabati dogo la mbao lenye kufuli, na ndani yake aliweka dawa moja ya kuhara damu. Hospitali ya wilaya ilimpa kidogo, baada ya kuona kwamba dawa ya kawaida imeanza kushindwa kwa baadhi ya wagonjwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Watu waliijua dawa ile kwa sifa tu, na kila aliyekuwa na tumbo aliitaka. Aliwarudisha karibu wote. Aliwatazama, aliwauliza maswali ya aibu, akawapa chumvi na sukari, na wakaenda zao wakitukana.

Mnunuzi mmoja wa kakao kutoka mjini alikuja na gari lake dogo, akishika tumbo. Alikuwa amekula sana kwenye sherehe. Hakuwa na homa wala damu. Tabibu akamwambia anywe maji apumzike. Yule bwana akasema yeye anaweza kuinunua zahanati hii yote pamoja na aliyemo ndani.

"Nunua," Tabibu akamjibu. "Nikishakuwa mtumishi wako nitakunyima vilevile."

Yule bwana alipeleka malalamiko kwenye kamati ya zahanati, ambayo mimi nilikuwa mjumbe wake. Akina fulani nao wakaleta yao, maana kila mtu alikuwa na siku yake ya kunyimwa. Tulimwita Tabibu ajieleze. Alisimama, akasema dawa ile inafanya kazi kwa sababu vijidudu vya huku havijaizoea, na kwamba kila anayeimeza bila haja anavifundisha. Siku vitakapoijua vizuri haitakuwa dawa tena.

Mwenyekiti wa kamati akamwuliza, sasa anamwekea nani.

"Simjui bado," akasema, akaketi.

Mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa.

Hatukumfukuza. Nisiseme kwamba tulikuwa na hekima. Ukweli ni kwamba hapakuwa na tabibu mwingine ambaye angekubali kuishi Ndandalo wakati wa mvua, na mwenyekiti alilisema hilo waziwazi. Tukafunga kikao kwa sala.

Tena hakuwa mtu asiyekosea. Mama mmoja mfinyanzi alikuja kutoka kando ya ziwa, na kikohozi, na vyungu vyake kichwani vya kupeleka sokoni. Tabibu alimsikiliza kifua akasema ni mafua. Alimpa maneno tu. Baadaye ikaja habari kwamba mama yule hawezi kuinuka na anahema kama mtu aliyepanda mlima. Kilikuwa kichomi. Tabibu alichukua sindano na dawa akaenda kwake kwa baiskeli, akarudi, akaenda tena siku iliyofuata, na kila siku mpaka dozi ilipokwisha, njia yote ile ya tope. Mama akapona. Na mpaka alipopata nguvu, Tabibu ndiye aliyefunga vyungu vyake kwa majani ya mgomba juu ya baiskeli na kuvipeleka sokoni. Vingine vilipasuka njiani, akavilipa. Wauzaji wenzake mama yule walimcheka, daktari mchuuzi. Aliniambia kwamba kosa la kunyima na kosa la kutoa yote mawili yanaua, ila la kutoa linamwua mtu usiyemwona. Yeye anatembea katikati ya makosa hayo mawili kila asubuhi, akasema, na wakati mwingine anakanyaga.

Sasa nifike kwa mtoto.

Binti yetu wa mwisho alikuja kujifungulia kwetu, akabaki baada ya uzazi. Mtoto wa kike. Alikuwa ameanza kutambaa alipopatwa na kuhara, na siku iliyofuata ikawa damu. Binti yangu alikuwa amepewa vidonge vya rangi mbili na rafiki yake wa mjini, naye kwa hofu ya mama alifungua kimoja na kumpa mtoto unga wake kidogo kidogo kwenye maziwa. Damu ilipungua, akaacha. Ikarudi, akaanza tena. Kufikia tulipompeleka zahanati, mtoto alikuwa analia bila machozi.

Tabibu alivua miwani. Alimwuliza binti yangu amempa nini, na binti yangu akasema yote. Hakumfokea. Alisema, "Mwanangu, umempa ulichopewa na mtu anayekupenda. Sasa tufanye kingine." Akaanza na maji ya chumvi na sukari, kijiko kimoja kimoja, na titi la mama kila alipokubali. Akampa dawa ya kawaida ya kuhara damu, kama alivyoelekezwa na wakubwa wake. Tukakaa hapo. Nilikuwa nimewaombea wagonjwa wengi, nikajua maneno ya kuomba, lakini siku zile maneno yalinitoka kidogo kidogo kama yale maji ya kijiko.

Dawa ya kawaida haikufanya kitu. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imekatwa na maji kwenye daraja. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na ukivuta ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Ilikuwa asubuhi, nakumbuka, jua limetoka kidogo baada ya mvua, Tabibu aliposimama akavua ufunguo shingoni. Wagonjwa waliokuwa kwenye baraza walisogea mlangoni. Walikuwemo waliowahi kunyimwa. Alinawa mikono muda mrefu, akafungua kabati, akapima dawa kwa uzito wa mtoto, akaisaga, akaichanganya, akampa yeye mwenyewe. Kisha akarudi kwenye kiti na kutazama sakafu.

Kati ya siku hiyo na iliyofuata sina la kueleza. Ninachokumbuka ni Tabibu akiniita nje kwa haraka, mkononi ameshika nepi ya kitambaa ameitandaza wazi.

"Tazama," akasema. "Tazama, Mwinjilisti. Hakuna damu."

Nilitazama. Nimeingia makanisa makubwa, nimeona mapambazuko juu ya ziwa wakati wa kiangazi maji yakiwa yametulia, lakini sijawahi kutazama kitu kwa hofu takatifu kama nilivyoitazama nepi ile. Tulisimama uani, wazee wawili, tumeishika kila mtu upande wake. Binti yangu alitoka mlangoni akatuona, akaanza kucheka na kulia.

Mtoto alimaliza dozi yote. Aliendelea kuwa na tumbo jepesi kwa muda, na Tabibu alitwambia tusimpe kitu cha kulizuia, tumpe muda na maziwa ya mama yake, wakazi watarudi. Walirudi. Leo ni msichana mwenye sauti kubwa katika kwaya ya vijana.

Alipostaafu alihamia Busale kwa binti yake, na mimi nikashikwa na kazi za kanisa. Ilipita miaka kabla sijaenda kumwona. Nilimkuta barazani, shati jeupe limepigwa pasi, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Tulizungumza habari za mpunga, za waliotangulia, za mchungaji yule aliyeulizwa swali mbele ya watu. Kisha nikamwambia nimekuja kufanya nililopaswa kulifanya zamani, kumshukuru kwa mtoto wetu, vizuri, kwa kukaa chini.

Akanizuia kwa mkono.

"Ile dawa siku hizi iko dukani Mbugani," akasema. "Wanauza viwili viwili. Kabla sijastaafu nilimpa mtoto mwingine, mdogo kama wako. Haikufanya kitu."

Nikamwuliza mtoto huyo alikuwaje.

"Barabara ilikuwa nzima. Tulimpeleka hospitali kubwa, huko walikuwa na nyingine. Akapona." Akanusa ugoro. "Wanayo kwa sasa."

Nilifikiri juu ya mjukuu wangu, kwamba aliugua katika miaka ile, mlango ukiwa bado wazi. Nikamwambia basi ndiyo sababu zaidi ya kumshukuru, maana yeye ndiye aliyeitunza dawa ile.

"Mimi nilikuwa na ufunguo tu. Walioitunza ni wale niliowarudisha nyumbani mikono mitupu. Wangeimeza wao, mjukuu wako asingeikuta."

"Hawajui," nikasema.

"Hawajui. Walinitukana, wakaenda, wakapona."

"Nani atawaambia?"

"Mwinjilisti ni wewe," akasema, akafumba macho kama alivyofanya kanisani.

Niliaga, nikapata gari la kunishusha mjini. Pale Mbugani niliingia kwenye mgahawa wa bwana mmoja ambaye babu zake walitoka pwani, nikaagiza chai. Muuza mitumba aliyekuwa amekaa meza ya pili, mtu wa umri wa wanangu, akaniuliza ninatokea wapi. Nikamwambia Busale, kwa Tabibu wa zamani wa Ndandalo.

"Bado yupo yule mzee?" akasema. "Huyo alininyima dawa mimi. Nina tumbo, nimetembea kutoka mbali, ananipa chumvi na sukari kama mbuzi. Nilimtukana mpaka nikafika darajani."

"Ulipona?"

"Nilipona. Kwa hasira."

Niliinuka. Nikauchukua mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikakunja magoti kidogo, kama sisi tunavyomshukuru aliyetuzidi umri.

"Ndaga fijo," nikamwambia. Asante sana.

Alimtazama mwenye mgahawa kuomba msaada, kisha akanitazama mimi. "Ya nini, mzee?"

"Ya kurudi nyumbani mikono mitupu."

Hakuuvuta mkono wake. Nilisogeza kiti karibu naye, nikamtajia jina la mjukuu wangu.